Lakabu ya Qaisar Jahan

Tuseme wazi kabla chai haijapoa: Ustadh Tamkin alikuwa mwizi. Sauti alikuwa nayo, ndevu alikuwa nazo, na Lucknow nzima ilimwamkia kwa kuinama mpaka kiunoni. Lakini ghazali mia moja na kumi na nne zilizomo katika diwani yake, zile ambazo watoto wa shule huchapwa wasipozihifadhi, hakuzitunga yeye. Zilitungwa na Qaisar Jahan, binti wa fundi saa wa mtaa wa Nakhas, mwanamke ambaye nusu ya mtaa wake mwenyewe haikumjua hata kwa jina.

Alipelekwa kwa Ustadh akiwa na miaka kumi na sita, kwa kuwa baba yake aliona kipaji na akadhani kipaji ni baraka. Akakalishwa nyuma ya pazia la mianzi. Desturi ya ushairi wa kwetu ni kwamba mwanafunzi hasomi hadharani mpaka mwalimu amsahihishe: unapeleka ghazali, inarudi na wino mwekundu. Na desturi nyingine, iliyo kubwa zaidi, ni kwamba ubeti wa mwisho ni wa mtunzi. Hapo hutia lakabu yake. Hujiita, hujionya, hujicheka, na msikilizaji mwenye adabu akilisikia jina pale hana haja ya kuuliza mali ni ya nani. Qaisar Jahan alijichagulia lakabu ya Zarrin. Hakumwambia mtu. Aliiandika tu katika ubeti wa mwisho wa ghazali yake ya kwanza, akaipitisha karatasi chini ya pazia.

Karatasi ilirudi safi. Hakuna neno lililoguswa, isipokuwa Zarrin limekatwa kwa wino mwekundu na juu yake pameandikwa Tamkin.

"Ustadh," alisema kutoka nyuma ya pazia, "hapo palikuwa na kosa gani?"

"Mizani ni ileile, binti yangu. Silabi mbili zimetoka, silabi mbili zimeingia. Wewe lakabu ya nini? Wewe unahitaji mume." Akaichukua karatasi akaitia sandukuni mwake, kama alivyofanya kwa zote zilizofuata.

Mume mwenyewe hakumpata. Walikuja wachumba wawili, na mara zote mbili Ustadh alimnong'oneza baba yake kwamba binti ana kifua kibovu, hatazaa. Akiolewa mji mwingine, huko Kanpur, nani angemtungia?

Kwa miaka kumi na tisa aliketi nyuma ya pazia kwenye mabaraza ya mashairi, akisikiliza wanaume wazima wakilia kwa beti zake. "Rudia! Rudia, Ustadh!" Na Ustadh anarudia, mkono kifuani, macho juu, anaugua kidonda cha mtu mwingine. Siku moja walimbeba mabegani. Alipopitishwa karibu na pazia alimwambia mtumishi, "Mpeni na yule msichana sharubati." Msichana alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Ustadh alipokufa, Qaisar Jahan alimwendea mwanawe, Jawad Mirza, akamweleza yote, ila lakabu yake hakuitaja. Jawad hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dada Qaisar," alisema akijifuta, "kunguru akikaa juu ya msikiti miaka ishirini, hujiita mwadhini. Nenda nyumbani ukapumzike."

Akaenda nyumbani. Akashika sindano, akadarizi uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kazi inayokula macho ya wanawake wa Lucknow kisha inauzwa kwa watu wasiojua kuwa macho yameliwa. Mnyonge hana haki, walisema wahenga, na hawakuwa wakilalamika. Walikuwa wakitoa habari tu. Ikapita miaka thelathini na miwili mingine. Akahamia kwa Ghufran, mwana wa marehemu dada yake, ambaye alimwita Khala kama desturi ilivyo kumwita dada wa mama, na mkewe Uzma naye akamwita hivyohivyo, ila kwa sauti ya mtu anayehesabu vitanda.

Ndipo wakaja watu wa televisheni kutoka Mumbai, wakakodi jumba bovu la nawabu mmoja, mtawala wa zamani, ili warekodi humo tamthilia ya wafalme na mapanga. Ndani yake mlikuwa na kabila la watu wa ziwa, na watu wa ziwa walihitaji dini. Dini ya kweli haikuwezekana. Ukiwapa ya Wahindu, matairi yanachomwa. Ukiwapa ya Waislamu, yanachomwa matairi mengine. Ukiwapa ya Makalasinga, unaitwa mahakamani. Wakaamua kubuni dini mpya kabisa, isiyo na muumini hata mmoja wa kukasirika. Mavazi walishona. Sanamu walichonga kwa povu gumu lile la kufungia friji. Sala tu ndizo zilizowashinda.

Mwandishi wao, msichana mwenye nywele fupi na haraka nyingi aliyeitwa Pallavi Nigam, akapata wazo: tuchukue mashairi ya kale, tumgeuze mpenzi awe mungu, kazi imekwisha. Mashairi yapi? Ya Tamkin, bila shaka. Akamwendea Jawad Mirza, ambaye kwa wakati huo alikuwa mzee mwenye tumbo na hana kazi nyingine ila kuwa mtoto wa baba yake.

Jawad alikubali kwa sharti moja. "Mashairi chukueni. Lakini jina la baba yangu litoke kwenye kila ubeti wa mwisho. Siwezi kuacha Tamkin aitwe mbele ya mungu wa povu." Kazi yenyewe ya kuyageuza hakuitaka. "Kule Nakhas kuna kikongwe anaijua diwani yote kwa moyo. Mchukueni huyo. Mkimaliza mrudisheni." Alisema kama mtu anayeazimisha sufuria.

Basi kila asubuhi gari lilimchukua Qaisar Jahan mpaka barazani pa lile jumba, akaketi na Pallavi, akageuza mashairi yake mwenyewe kuwa sala. Kazi ilimfaa kuliko alivyotarajia. Mpenzi akawa mungu, na hapo hapakuhitaji jasho, maana mpenzi wa ghazali naye haonekani, hajibu, na anaua. Mvinyo ukawa maji ya ziwa. Mpinzani wa mapenzi akawa shetani. Kilabu cha pombe kikawa hekalu, na beti zote za kumsuta mhubiri mnafiki zikatupwa, kwa kuwa dini ile ilikuwa changa mno kuwa na wanafiki.

"Khala, hii inasikitisha," Pallavi alilalamika siku moja, akisoma:

*Nimekesha dirishani, taa haina mafuta;*
*wapita njia wacheka, nani huyu anamwita.*

"Sala iwe na matumaini kidogo, jamani."

"Mwenye matumaini hasali, binti yangu. Anakwenda sokoni."

Pallavi akacheka, akaiacha kama ilivyo.

Wakafika kwenye ghazali ambayo wanaume walimbebea Ustadh mabegani. Ubeti wake wa mwisho kila mtu wa Lucknow anaujua:

*Tamkin, bisha polepole, mwenye nyumba amelala;*
*asipoamka leo, mlangoni utalala.*

"Tukimtoa Tamkin pana shimo," Pallavi alisema. "Na yamo mashimo kama haya mia na kitu. Tuweke jina la mungu. Shida ni kwamba mungu mwenyewe hajapewa jina, kwenye hati tumeandika Mungu wa Ziwa tu. Nipe jina, Khala. Silabi mbili, lolote."

Qaisar Jahan aliweka karatasi chini. Kwa miaka hamsini na moja alikuwa hajalitamka neno lile mbele ya mtu.

"Zarrin," alisema.

"Zarrin, bisha polepole, mwenye nyumba amelala," Pallavi akasoma, na nywele zikamsimama mikononi. "Mungu anayebisha mlango wa binadamu! Khala, umeniua kabisa!"

Na hapo ndipo Qaisar Jahan alipokosea, kosa ambalo mtu wa Mumbai asingeweza kulifanya hata akijaribu. Aliamini kwamba watu watasikia. Katika mji huu hata muuza kebabu akisikia jina katika ubeti wa mwisho anajua hiyo ni saini. Watazisikia beti za Tamkin, alijiambia, kisha watamsikia Zarrin ameketi kwenye kiti cha Tamkin, nao watauliza: Zarrin ni nani? Na mtu mmoja, mmoja tu, atakuja mpaka mlangoni kumwuliza. Hakutaka zaidi ya hapo. Hakutaka picha gazetini. Alitaka kuulizwa kabla hajafa.

Hakuuliza watu wa ziwa ni wema au wabaya. Ni kama mama anayepeleka mwana kwa fundi asimwulize fundi ana tabia gani. Kafurahi tu kwamba mwana kapata kazi.

Kipindi cha kwanza kiliporushwa alikuwa sebuleni kwa Ghufran. Wanawake sitini waliovaa nyeupe walisimama kwenye maji mpaka magotini wakaimba ghazali yake, na walipofika mwisho wote sitini wakaita kwa pamoja: Zarrin! Qaisar Jahan alilia. Uzma alidhani ni macho, akamwambia atie dawa. Kuanzia kesho yake kikongwe huyu alioga, akavaa nguo safi ya chikan, ile darizi nyeupe, akaketi karibu na mlango kila asubuhi, akingoja.

Hakuja mtu. Vijana walidhani Zarrin ni mungu, na wazee waliokuwa na masikio walikuwa wakitazama kriketi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Baada ya miezi miwili Pallavi alipiga simu.

"Khala, wakubwa wanasema watu wa ziwa wanachosha. Watazamaji wanahama. Tunawafanya wabaya."

"Wabaya vipi?"

"Watatoa watoto kafara. Lakini usijali, sala hatugusi hata neno. Zikiimbwa polepole zinatisha vibaya sana!"

"Basi badilisheni jina la mungu, binti yangu."

"Khala, tumesharusha vipindi arobaini. Na jina limeshika. Umetupa jina zuri mno."

Wiki hiyohiyo kuhani mkuu, bibi kizee wa nguo nyeupe, alibisha mlango wa mvuvi mara tatu, akaimba *Zarrin, bisha polepole* kwa sauti ya chini, akamchukua binti wa mvuvi akamzamisha ziwani mbele ya kamera. Nchi nzima iliacha kula ikatazama. Siku ya pili yake mtaa wa Nakhas ulikuwa umepata mchezo mpya. Watoto walibisha milango ya watu mara tatu, wakapiga ukelele "Zarrin!" na kutimua mbio. Mama aliyeshindwa kumlaza mwanawe mchana alisema, "Haya, kaa macho, Zarrin anakuja." Fundi baiskeli wa pembeni alimpa mama mkwe wake jina hilo, na mama mkwe akamrushia ndara. Muuza mboga akiokota bilingani lililooza aliliinua juu: "Nani anamtaka Zarrin? Bure!" Watu walicheka sana. Ni watu wachangamfu, watu wa Nakhas.

Qaisar Jahan alikutana na Jawad Mirza dukani kwa muuza tambuu. Mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyenusurika ajali iliyomwua jirani.

"Unaona, dada Qaisar? Ningeacha jina la baba mle, leo angekuwa anazamisha watoto! Lakini hilo la Zarrin mlilitoa wapi? Linanuka uchawi." Akatema mate mekundu ukutani. "Zarrin. Ptuu!"

Qaisar Jahan alinunua tambuu yake akarudi nyumbani, na njiani watoto watatu walimwona kikongwe wa nguo nyeupe, wakapiga kelele wakakimbia, na safari hii hawakuwa wakicheza.

Sasa, Ghufran na Uzma walikuwa na mtoto mmoja tu, Tazeen, wa miaka sita, na Tazeen alilelewa kitandani kwa Qaisar Jahan tangu alipoacha ziwa la mama. Alimwita Bibi. Alikuwa akila kwa mkono wa Bibi, akisukwa na Bibi. Alipokiona kile kipindi cha binti wa mvuvi, aliacha kula. Mlango ukibishwa alitapika. Homa ikampanda, ikashuka, ikapanda tena. Daktari wa mtaani alimpima akasema mwili hauna ugonjwa, ni hofu, mwondoleeni hofu. Wenzake walikuwa wamemweleza kila kitu: Zarrin huja kwa sura ya bibi kizee, anakaa nyumbani kwenu, na humjui. Kwa siku nne Tazeen alikuwa akimkumbatia Bibi yake na huku akimtazama kwa pembe ya jicho, na lile jicho lilimchoma Qaisar Jahan kuliko wino wote mwekundu wa Ustadh.

"Ni nyinyi, Khala," Uzma alimwambia kwa ule wingi wa heshima, akikanda unga kama anamkaba mtu. "Nyinyi na mashairi yenu ya kishetani. Mtoto akifa mtamtungia na yeye sala?"

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mlango ulibishwa. Tazeen alimrukia Bibi mapajani akaficha uso. Aliyeingia alikuwa mzee mwembamba mwenye faili kwapani. Akainama, akajitaja kuwa Daktari Mujtaba Kidwai, mwalimu wa fasihi katika chuo kikuu. Akaketi ukingoni mwa kiti. Alikuwa na aibu ya mtu aliyezoea vitabu.

"Bibi, samahani kwa kuja bila taarifa. Ninatayarisha chapa mpya ya diwani ya Tamkin. Jawad Mirza alinipa sanduku la karatasi za baba yake, nadhani hajawahi kulifungua." Akatoa karatasi ya manjano, akaiweka juu ya meza. "Humu mna ghazali mia na kumi na nne kwa mwandiko wa mkono mwingine, mwandiko mdogo, wa mwanamke. Kila moja neno moja limekatwa kwa wino mwekundu katika ubeti wa mwisho. Nimelitazama kwa kioo. Ni neno lilelile kila mara. Sikulielewa mpaka juzi, mke wangu alipowasha televisheni. Nilimwaga chai."

Qaisar Jahan aliinamia karatasi. Alikuwa ameutambua mwandiko wake wa miaka kumi na sita, herufi zimebanana kwa hofu ya kumaliza karatasi.

"Kitabu kinakwenda mtamboni wiki hii," mzee aliendelea. "Nikimpata mwenye mkono huu, hizi ghazali zitatoka kwa jina lake. Juu ya jalada. Naapa nitapigana na Jawad mpaka mahakamani. Waliniambia wewe ndiye uliyewapa watu wa televisheni zile sala. Bibi, niambie. Zarrin ni nani? Ni wewe?"

Alikuwa amekuja. Mtu mmoja, mwenye masikio, mpaka mlangoni, na swali lilelile neno kwa neno. Furaha ilimpanda Qaisar Jahan kifuani kwa nguvu hata akaogopa itamwua kabla hajajibu.

Tazeen aliinua uso.

"Bibi," alisema polepole, "wewe ni Zarrin?"

Na akaanza kuteleza kutoka mapajani, mwili unawaka, miguu ikitafuta sakafu, macho hayambanduki. Uzma alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na unga mikononi mpaka viwikoni.

"Mjibuni mtoto, Khala," alisema.

"Si mimi, roho yangu."

"Apa."

"Wallahi si mimi."

"Apa kwa kichwa changu."

Kwetu mtu akiapa uongo kwa jina la Mungu anaweza kutubu, maana Mungu ni mwingi wa rehema. Kichwa cha mtoto hakina rehema. Ukiapia kichwa cha mtu kwa uongo, yeye ndiye hufa. Na kiapo kile hakitenguliwi, si kesho wala mwaka ujao, si kwa barua wala kwa siri, kwa sababu siku utakayokikana umeutangaza uongo wako na kifo kimepewa njia. Kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo. Mwalimu alilijua, akainua mkono kama anayetaka kumzuia, kisha akaushusha.

Angeweza kumwambia mzee arudi baadaye. Lakini Tazeen alishafika chini, alishapiga hatua moja kuelekea kwa mama yake, na meno yalikuwa yakimgongana.

Qaisar Jahan alimvuta, akaweka kiganja juu ya zile nywele za moto.

"Naapa kwa kichwa cha Tazeen," alisema. "Zarrin hayupo. Hajawahi kuwapo. Ni neno tu lililotiwa kujaza mizani."

Mwalimu aliutazama mkono wake, vidole vilivyotobolewa na sindano miaka yote hiyo, kisha akaitazama karatasi.

"Na mwandiko huu?"

"Wa mnakili. Ustadh alikuwa na wanakili."

"Basi ghazali ni za Ustadh."

"Ni za Ustadh."

Mzee alijua. Ilionekana usoni kwamba alijua. Lakini kiapo cha kichwa cha mtoto si kitu cha mgeni kukigusa, hivyo aliirudisha karatasi katika faili, akafunga kamba, akanywa chai yake yote kwa adabu, akaaga.

Tazeen alisema ana njaa. Uzma alipiga makofi ya furaha, unga ukaruka, akakimbilia jikoni, na baada ya kitambo akaleta chapati ya samli yenye moto. Mtoto alikaa sakafuni akaila kwa pupa, matonge makubwa, samli ikimchirizika kidevuni, akisimulia kwamba yeye siku zote alijua Zarrin ni uongo. Qaisar Jahan aliketi kitini kando yake, mikono mitupu, akimtazama akimeza kila tonge, akiogopa atapaliwa.